Azimio la Musoma na Maana ya Kuazimia

Hali ya mtu kushika jambo moyoni na kukataa kuliacha hata linapomgharimu haina jina moja katika Kiswahili, bali ina ukoo mzima wa maneno ambayo mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni sawasawa, ilhali kila moja lina mahali pake. Nia ni kusudi lililomo moyoni, na katika sheria ya Kiislamu ndiyo inayotenganisha ibada na tendo la kawaida, kwa kuwa aliyeshinda na njaa bila kunuia hahesabiwi kuwa amefunga. Dhamira nayo hukaa ndani, lakini imebeba pia maana ya sauti inayomhukumu mtu kutoka moyoni mwake, ndiyo maana husemwa kwamba dhamira inamsuta, na wahakiki wa fasihi wakaichukua kuwa jina la wazo kuu ambalo mwandishi anakusudia kulifikisha. Ari ni hamasa ya kutenda inayompanda mtu, hasa anapoona wenzake wamemtangulia au heshima yake imeguswa, nayo yaweza kupanda leo na kushuka kesho. Azma, neno lililotoka katika Kiarabu, iko hatua moja mbele ya nia, kwa sababu mwenye azma ameshapima, ameshachagua na hataki tena kushauriwa kinyume, na kutokana na mzizi wake Kiswahili kina kitenzi kuazimia na nomino azimio.

Katika mazungumzo ya kila siku maneno hayo hayasikiki sana. Katika soko la Nyasho mjini Musoma, kama katika masoko mengine ya Tanzania, mtu hasemi kwamba ana azma ya kumsomesha mwanawe, bali husema amepania, au amekomaa na biashara yake mpaka ada ipatikane, na anayeanza kukata tamaa huambiwa akaze buti. Kurasa za michezo za magazeti haziishi kutangaza kwamba timu fulani imepania kulipa kisasi. Wanawake hujifunga kibwebwe, yaani kitambaa kinachokazwa kiunoni ili nguo isilegee wakati wa kazi nzito au wa ngoma, na msemo huo umeenea ukawa jina la kujitoa kwa nguvu zote katika shughuli yoyote ile, hata ya ofisini. Misemo hii huonyesha uthabiti kwa picha ya mwili uliojiandaa kwa kazi, kiuno kikiwa kimefungwa na viatu vikiwa vimekazwa, na katika hilo ina ukweli ambao maneno ya vitabuni hayaufikii, kwamba kusudi lisilofika mikononi na miguuni halijawa kitu.

Kiingereza kimekusanya mengi katika neno moja. Neno "determination", ambalo wanafunzi wa sekondari hulikuta mapema na kulitafsiri upesi kuwa nia, limetoka katika Kilatini, katika neno lenye maana ya mpaka au kikomo, na asili hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini linafanya kazi zinazoonekana kutohusiana. Linataja uthabiti wa mtu asiyerudi nyuma, linataja uamuzi wa mahakama au wa chombo chenye mamlaka unaofunga shauri, na linataja pia kazi ya mkemia anayepima maji mpaka akabaini kiasi cha chumvi kilichomo. Mtu, mahakama na mkemia, kila mmoja ameweka mpaka mahali ambapo hapo awali palikuwa na shaka. Kiswahili hakina sababu ya kuuiga mkusanyiko huo, kwa kuwa kina uthabiti au azma kwa maana ya kwanza, uamuzi kwa ya pili na ubainishaji kwa ya tatu, na mfasiri anayeandika "nia" kila anapolikuta neno hilo huharibu sentensi mbili kati ya tatu.

Ipo maana ya nne ambayo kwa Tanganyika haikuwa suala la kamusi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945 ulitaja haki ya watu kujiamulia mambo yao wenyewe, na Tanganyika, ambayo Uingereza iliitawala kwa udhamini wa Umoja huo, ilikuwa na mahali pa kupeleka madai yake, yaani Baraza la Udhamini mjini New York. Machi 1955 Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyekuwa mwalimu wa Pugu na rais wa chama cha TANU kilichoanzishwa Julai 7, 1954, alizungumza mbele ya Baraza hilo, na aliporudi alilazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi ya kufundisha iliyokuwa ikimpa mshahara. Haki iliyodaiwa New York na uthabiti wa mtu aliyeacha mshahara huitwa kwa Kiingereza kwa neno hilohilo moja, ilhali Mswahili huyaona kuwa mambo mawili, la kwanza likiwa kujiamulia na la pili kuazimia.

Tofauti ya kuamua na kuazimia inastahili kukaziwa macho, kwa sababu hata vyombo vya habari huichanganya. Kuamua, katika matumizi yake yanayojulikana na kila mtu, ni pia kuwatenganisha wanaopigana, na uamuzi wa kikao una sura hiyohiyo, kwa maana kwamba hoja mbili zilikuwa zikishindana na sasa moja imepewa nafasi. Mkutano wa TANU wa Tabora wa Januari 1958 ulikuwa wa namna hiyo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka utaratibu wa kura tatu, uliomtaka kila mpigakura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na wajumbe wengi walitaka chama kiususie uchaguzi huo, wengine wakiona kuwa kuususia ni kuwaachia wapinzani uwanja. Mkutano ulikubali chama kishiriki, na hatua hiyo ikaja kujulikana kuwa Uamuzi wa Busara. Haikuitwa azimio, na jina ililopewa lilikuwa sahihi, kwa sababu kilichofanyika Tabora kilikuwa ni kukata shauri lililogawanya watu, na shauri likishakatwa uamuzi umekamilika.

Azimio halikamiliki siku linapopitishwa. Linataja jambo ambalo bado halijafanyika na kuwafunga waliolitamka kulifanya, na ndiyo sababu sehemu yake ngumu huanza watu wanapotoka ukumbini. Katika muhtasari wa kikao chochote cha Kitanzania, kiwe cha kamati ya shule au cha kikundi cha kuweka na kukopa, katibu huandika maazimio katika daftari pamoja na jina la mhusika wa kila azimio na tarehe ya kutekelezwa, na kikao kinachofuata, baada ya kufunguliwa na kusomwa muhtasari, hupitia ajenda inayoitwa "yatokanayo", ambapo kila azimio la safari iliyopita hutajwa tena na mhusika huulizwa limefika wapi. Hapo ndipo azimio linapoachana na nia. Nia ya mtu haina anayeweza kuidai, kwa kuwa hakuna aliyeisikia ikitamkwa, lakini azimio ni nia iliyotamkwa mbele ya wengine, ikaandikwa na kuwekewa siku, kwa hiyo anayelivunja anajulikana na anayelitimiza anajulikana. Maazimio ya mwaka mpya ambayo watu wa mijini wamezoea kujiwekea kila Januari yana udhaifu wake hapo, maana mengi hayana katibu wala yatokanayo.

Siasa ya Tanzania imelipa neno hili uzito ambao halina mahali pengine panapozungumzwa Kiswahili, kwa kuyapa maazimio yake makubwa majina ya miji. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967 na azimio lake likatangazwa Februari 5 mwaka huo, likaweka ujamaa na kujitegemea kuwa njia ya nchi. Mei 1972 likafuata Azimio la Iringa kuhusu kilimo, lenye jina la Siasa ni Kilimo. Na mwaka 1991 chama kilichorithi TANU, CCM, kikapitisha Zanzibar azimio lililolegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha. Kenya nako neno hili lilikuwa katika jina la muungano wa vyama uliomsimamisha Raila Odinga katika uchaguzi wa mwaka 2022, Azimio la Umoja. Hata hivyo, kwa anayetaka kuona namna taifa linavyoazimia, yaani linavyojifunga kwa tarehe na kisha kuhangaika kuitimiza, mfano ulio bora kuliko yote ni ule uliopewa jina la mji ulio kando ya Ziwa Viktoria, na ambao vijana wengi wa mji huo huusikia kwa nadra.

Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma Novemba 1974. Wakati huo haukuwa wa neema. Ukame ulikuwa umepunguza mavuno na nchi ilikuwa ikinunua chakula kutoka nje kwa fedha ambazo ilikuwa nazo kidogo, bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973, na mamilioni ya watu walikuwa wakihamishiwa katika vijiji vya pamoja, operesheni ambayo katika sehemu nyingi ilifanywa kwa shuruti na kuacha machungu. Mtu mwenye tahadhari angeahirisha mambo ya elimu. Wajumbe walikutana katika mji ambao Nyerere mwenyewe aliingia mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka kama 12, akitokea Butiama, mwendo wa kilomita zipatazo 40, kuanza darasa la kwanza katika shule ya Mwisenge, katika zama ambapo mtoto wa kupelekwa shule alikuwa mmoja tu kati ya wengi. Na hata mwaka huo wa 1974, miaka 13 baada ya uhuru, takriban nusu tu ya watoto wenye umri wa kwenda shule ndio waliokuwa darasani.

Kazi ya kikao ilikuwa kupima utekelezaji wa Elimu ya Kujitegemea, sera ambayo Nyerere aliitoa Machi 1967 ikitaka shule imwandae mtoto kwa maisha ya kijiji chake badala ya kumwandaa kwa mtihani wa kuingia daraja la juu ambalo wengi hawakufika. Kikao kiliona kwamba utekelezaji ulikuwa wa kusuasua, na kikapitisha mambo ambayo kila moja lilikuwa na uzito wake: mitihani ya kuandika isiwe tena kipimo pekee cha mwanafunzi, bali maendeleo yake ya kila siku, kazi zake na mwenendo wake vihesabiwe pia; vijana waliomaliza kidato cha sita wasiingie chuo kikuu moja kwa moja bali wapite kwanza katika Jeshi la Kujenga Taifa na katika kazi; na elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Jambo hili la mwisho ndilo lililobeba jina la azimio zima. Mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano, ulioanza mwaka 1969, ulikuwa umeweka lengo hilohilo lakini kwa mwaka 1989, tarehe iliyopigiwa hesabu ya walimu wa kuhitimu, madarasa ya kujengwa na fedha za kukusanywa, na Musoma ikaifuta miaka 12 kwa mkupuo.

Wapo walioliona tendo hilo kuwa ni pupa, na hoja yao si ya kupuuzwa. Lakini ndani ya kufuta miaka 12 mlikuwa na hesabu ya aina nyingine, kwamba mtoto aliyekuwa na miaka 7 mwaka 1974 angekuwa mtu mzima mwaka 1989, na kumwambia asubiri ilikuwa sawa na kumwambia kwamba shule haikumhusu yeye. Kwa mtoto huyo, tarehe ya mbali isingekuwa nusu ya azimio, ingekuwa si azimio kabisa.

Mkoa wa Mara na majirani zake hawakuanzia patupu. Kati ya mwaka 1968 na 1972 mradi wa kisomo uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa, wenye makao yake Mwanza, ulikuwa umefanya kazi katika mikoa ya ziwa, yaani Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi ambayo sasa ni Kagera, ukijaribu njia iliyoitwa kisomo chenye manufaa. Maana yake ni kwamba mtu mzima hakufundishwa herufi peke yake, bali alifundishwa kusoma kupitia kazi anayoifanya, hivyo palikuwa na vitabu vya wakulima wa pamba, vya wakulima wa ndizi, vya wavuvi na vya wafugaji. Neno kama pamba, ambalo mkulima analitamka tangu utotoni, husomwa lote kwanza, kisha hukatwa silabi, na silabi moja huzaa nyingine kwa kubadilishwa irabu, pa ikaleta pe, pi, po na pu, mpaka msomaji agundue kwamba kwa silabi hizo chache anaweza kuandika maneno ambayo mwalimu hajamwandikia. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 1975 ulikuta wamepungua hadi 39, na ule wa mwaka 1977 hadi 27. Mzazi aliyeketi jioni kujifunza kuandika jina lake hakuhitaji hotuba ndefu ili amwandikishe mtoto.

Baada ya azimio, kijiji kilibeba mzigo mkubwa kuliko wizara. Wanakijiji walifyatua matofali, walisomba mchanga na mawe, ambayo nchi ya Musoma haina uhaba nayo, wakainua madarasa na nyumba za walimu kwa nguvu zao, na pale ambapo jengo lilichelewa watoto walisomea chini ya mti. Kwa kuwa hata hivyo vyumba havikutosha, shule nyingi ziligawa siku, kundi moja likiingia asubuhi na jingine mchana, mwalimu yuleyule akifundisha yote mawili. Ada za shule za msingi zilikuwa zimeshafutwa mwaka 1973, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikafanya mahudhurio kuwa ya lazima kwa watoto wa miaka 7 hadi 13, ikampa ofisa wa kijiji haki ya kumuuliza mzazi kwa nini binti yake yuko nyumbani, swali ambalo kabla ya hapo halikuwa na wa kuliuliza.

Kitu ambacho hakikuweza kufyatuliwa kama tofali ni mwalimu. Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo visingeweza kutoa idadi iliyohitajiwa kwa miaka mitatu, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba waliteuliwa katika vijiji vyao wafundishwe ualimu huku wakifundisha, mpango ulioanza mwaka 1976 na kudumu miaka mitatu kwa kila kundi. Kijana wa namna hiyo, ambaye huenda aliwazidi umri wanafunzi wake wakubwa kwa miaka michache tu, alisimama mbele ya darasa la kwanza au la pili kwa sehemu ya siku, na sehemu iliyobaki alikaa chini ya mkufunzi wa kata pamoja na wenzake kutoka vijiji jirani, akasoma masomo yaliyokuja kwa posta, akajibu maswali na kuyarudisha kusahihishwa, na saa za vipindi vya ualimu alitega sikio kwenye redio. Mwishoni alikwenda chuoni kwa wiki chache kabla ya kupata cheti. Makumi ya maelfu walipita njia hiyo, na waliitwa walimu wa UPE, kutokana na herufi za kwanza za jina la Kiingereza la mpango wa elimu ya msingi kwa wote.

Matokeo yaonekana katika hesabu. Mwaka 1974 shule za msingi zilikuwa na wanafunzi wapatao milioni 1.2, kufikia mwaka 1980 walikuwa wamezidi milioni 3, na katikati ya miaka ya 1980 wasichana walikuwa karibu nusu ya wote. Ndani ya miaka sita nchi iliyokuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani iliingiza darasani sehemu kubwa mno ya watoto wake. Pamoja na hayo lilizuka dhihaka, kwamba UPE ni "Ualimu Pasipo Elimu", na dhihaka hiyo imedumu kuliko kumbukumbu ya kazi yenyewe. Ni kweli kwamba ubora ulishuka, kwamba vitabu vilipungua kadiri watoto walivyoongezeka na kwamba mwenye elimu ya darasa la saba hawezi kufundisha asichokijua. Lakini si haki kumbebesha kijana wa kijijini lawama ya upungufu ambao taifa zima liliujua na kuukubali siku lilipochagua kwenda haraka. Bila yeye mtoto asingepata mwalimu aliye bora zaidi. Asingepata mwalimu yeyote, na wapo leo madaktari, mahakimu na maprofesa ambao herufi yao ya kwanza waliandikishwa na mwalimu wa UPE.

Sehemu ya azimio iliyohusu chuo kikuu ilikuwa na historia fupi, na inafundisha jambo kuhusu mpaka kati ya azma na ukaidi, maneno ambayo kwa anayetazama kwa mbali yanafanana kwa sura. Masharti ya kufanya kazi kwanza yalikusudiwa kumfanya msomi aijue jamii inayomlipia, lakini miaka michache tu baadaye ilionekana kwamba idadi ya wanawake waliokuwa wakiingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imeshuka, kwa kuwa msichana aliyekaa nje ya shule kwa miaka kadhaa aliolewa, akazaa, na njia ya kurudi ikafungwa. Serikali iliwaruhusu wanawake waingie moja kwa moja. Aliyeazimia hushikilia mwisho anaoutaka na kubadili njia inapombidi, ilhali mkaidi hushikilia njia hata inapomwondoa kwenye alichokitaka, na waliolegeza sharti hilo hawakulivunja azimio, kwa sababu kumfukuza mwanamke katika elimu hakukuwa kusudi la mtu yeyote pale Musoma.

Jambo zito zaidi lilikuwa katika yale ambayo azimio halikuyataja. Lilihesabu watoto wa kuingia darasa la kwanza bila kuwatengea mahali baada ya la saba, kwa imani kwamba elimu ya msingi ingejitosheleza na kijana angerudi kulima akiwa na maarifa zaidi. Shule za sekondari za serikali hazikuongezeka kwa kiasi hicho, na katika miaka ya 1980 aliyechaguliwa kwenda kidato cha kwanza katika shule hizo hakufika mmoja kati ya kumi waliomaliza. Kisha yakaja mambo yaliyo nje ya uwezo wa chama: kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na kupanda tena kwa bei ya mafuta. Hazina ilikauka, michango na ada zikarudi katikati ya miaka ya 1980, na uandikishaji uliofikiwa kwa jasho la vijiji ukashuka kwa miaka mingi. Ilibidi mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi ifute ada kwa mara ya pili na kuanzisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, maarufu kwa jina la MMEM, uliorudia mambo mengi yaliyofanyika baada ya Musoma, yakiwamo madarasa yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi, zamu mbili kwa siku na walimu waliopikwa haraka. Shule za sekondari za kata zikafuata katikati ya muongo huo, na kuanzia Januari 2016 elimu bila malipo ikafikishwa hadi kidato cha nne.

Pengo lililoachwa mwaka 1974 ndilo ambalo sera ya elimu iliyozinduliwa mwaka 2025 inakusudia kuliziba, kwa kuifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Kama ilivyokuwa Musoma, imewekewa tarehe ambazo haziwezi kufichwa, kwa sababu watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza shule ya msingi mwaka 2027 wakiwa darasa la sita, mwaka uleule ambao wale waliowatangulia watamaliza darasa la saba, hivyo kidato cha kwanza kitapokea makundi mawili kwa pamoja Januari 2028. Shule za sekondari za Musoma, Bunda na Butiama, kama za nchi nzima, zitahitaji kwa mwezi huo vyumba, madawati na walimu wa makundi yote mawili, na kamati zake zinaweza kuanza kuyaingiza mahitaji hayo katika muhtasari tangu sasa, jina la mhusika likiandikwa mbele ya kila moja.